Denitreta ya bomba la PVC: shajara ya kushusha nitrati kwenye tangi la lita 200

Tangi lilivyo kabla ya kuanza

Lita 200 za maji, kundi la mbuna (samaki wa miambani) wa Ziwa Nyasa waliokwisha kukomaa, mawe mpaka juu, na mmea hata mmoja hakuna. Mbuna huko kwao hushinda wakikwangua mwani kwenye miamba. Ukiwapandia jani laini wanaliona chakula, na wasipolila watalifukua wakigombea himaya. Kwa hiyo njia nyepesi kuliko zote, ya kuachia mimea inyonye nitrati, hapa haipo.

Nitrati inapanda kwa 10 kila wiki. (Namba zote za nitrati humu ni miligramu kwa lita, na ni za nitrati yenyewe, NO3. Viko vipimo vinavyosoma naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati peke yake. Ukiwa na cha aina hiyo, zidisha kwa 4.43 kabla ya kulinganisha.) Robo ya maji inabadilishwa kila wiki, na maji ya bomba yenyewe yanakuja na 10. Piga hesabu uone tangi linakokwama: siku ya kubadilisha linasoma 50, ukishatoa robo na kurudishia linasoma 40, wiki ikiisha ni 50 tena. Ndoo haziwezi kulitoa hapo. Nikitaka nitrati isivuke 20 mwisho wa wiki, lazima wiki ianze na 10, na 10 ndiyo maji ya bomba. Maana yake nibadilishe maji yote, kila wiki. Samaki gani atavumilia hilo, na mgongo gani?

Wala si kwamba filta ni mbovu. Nitrati inapanda kwa sababu filta inafanya kazi yake: kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, bakteria wa filta wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na safari inaishia hapo. Hao wote wanahitaji oksijeni. Ili nitrati nayo iondoke inatakiwa bakteria wa tabia nyingine, wale ambao oksijeni ikiwaishia huanza kupumua nitrati, na wanachokiacha mwishoni ni gesi ya naitrojeni inayopanda hewani. Denitreta ni chumba cha kuwafugia hao.

Salfa au koili

Njia mbili ndizo nilizozipima kwa uzito. Ya kwanza ni chombo kilichojazwa punje za salfa. Bakteria wake hula hiyo salfa, kwa hiyo humlishi mtu kitu kila siku, na hilo ni jambo la kutamanika. Lakini wanatoa asidi, wanakula ukaboneti wa maji (ule unaozuia pH, kipimo cha uasidi, isishuke), na kila miligramu 1 ya nitrati wanayoiondoa inaacha karibu miligramu 1.7 za salfeti ndani ya tangi. Wanaoitumia huweka chumba cha pili chenye vipande vya matumbawe ili kurudisha ukaboneti. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH ya juu, na sikuona sababu ya kujinunulia vita na pH kila wiki.

Ya pili ni koili: mpira mwembamba mrefu uliozungushwa ndani ya bomba. Maji yanaingia polepole, sehemu ya kwanza ya mpira bakteria wanamaliza oksijeni, yakifika mwisho wake hayana kitu cha kupumua isipokuwa nitrati. Hapa bakteria wanahitaji kaboni ya kula, kwa hiyo kulisha kupo. Faida yake ni kwamba kazi hii inarudisha sehemu ya ukaboneti ambao filta ilikuwa imeula. Kwa tangi langu hiyo ilitosha kumaliza ubishi.

Ujenzi

Ganda la nje ni bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 50. Chini kuna kifuniko kilichogundishwa, juu kifuniko cha kukaza kwa skrubu chenye pete ya mpira. Ndani yake kuna kipande cha bomba la inchi 2 ambacho ndicho koili imejizungushia: mita 15 za mpira wenye kipenyo cha milimita 4 ndani na 6 nje. Inatoka mizunguko kama 70, imebanana toka chini hadi karibu na juu. Kila mizunguko 10 nimeishika kwa vibanio vya plastiki, maana mpira huo ukiuachia kidogo unajifungua wote na unaanza upya.

Maji yanaingia kwa juu, yanashuka ndani ya koili, yanamwagika kwenye sakafu ya bomba, halafu yanapanda yenyewe taratibu kupitia vijiwe vya volkeno vilivyojaa katikati na pembeni, mpaka tundu la kutokea. Tundu la kutokea liko mahali pa juu kabisa kwenye kifuniko. Hili usilifanyie mzaha. Chombo hiki kazi yake ni kutengeneza gesi, na gesi isipopata njia ya juu inajikusanya na kusukuma maji nje ya chumba.

Maji yanachotwa kwa kitawi kidogo kutoka mpira wa kurudishia wa filta, baada ya sponji, ili uchafu usiingie kwenye koili. Mpira wa milimita 4 ukiziba katikati ya mita 15 hakuna waya utakaoufikia.

Kidhibiti cha mwendo ni dripu ya hospitali, seti mpya kutoka pakitini, niliyoikata vipande vitatu. Kile kigurudumu cha kubana kimekaa kwenye mpira wa kutokea. Chemba yake, ile inayodondosha matone, nimeikata chini na kuichomeka mwisho kabisa, ili matone yaanguke wazi na gesi ipite bila kukwama. Na kile kijimpira cha kuchomea sindano nimekiunga kwenye mpira wa kuingilia. Hapo ndipo chakula cha bakteria kitapitia. Pakiti imeandikwa matone 20 kwa mililita 1, na nilipokinga kwa bomba la sindano ilikuwa hivyo hivyo.

Kidhibiti nimekiweka upande wa kutokea kwa makusudi. Kikiwa upande wa kuingilia, chumba hakina shinikizo na ufa mdogo unaweza kuvuta hewa ndani bila wewe kujua. Kikiwa upande wa kutokea, chumba kizima kinasukumwa na pampu, na pakiwa na upenyo utaona maji sakafuni. Bora kuvuja kunakoonekana.

Matone ya kwanza

Tone 1 kwa sekunde. Hiyo ni mililita 3 kwa dakika, mililita 180 kwa saa, lita 4.3 kwa siku. Ndani ya mpira wa koili zinaenea mililita 188 tu, kwa hiyo maji yanakaa humo kama saa nzima kabla ya kumwagika chini.

Wiki za mwanzo hakuna la kuandika. Nitrati inayoingia 50, inayotoka 50. Bakteria hawajaota. Nimeacha bila kulisha ili kwanza wale wa oksijeni wajipange kwenye koili.

Nitriti

Kinachotoka sasa kina nitriti: kwanza 0.5, siku chache baadaye 2, halafu rangi ikavuka mwisho wa kadi ya rangi ya kipimo na ikabidi nichanganye sehemu 1 ya sampuli na sehemu 9 za maji yaliyotoneshwa ndipo nisome 5 na ushee. Anayejenga kwa mara ya kwanza hapa hushtuka na kuzima. Ni dalili njema. Bakteria wanavunja nitrati kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kuirudisha kuwa nitriti. Wanaomalizia kazi wanachelewa kuota.

Je, samaki wako hatarini? Lita 4.3 kwa siku zenye 5 ni miligramu 21 au 22. Ukizisambaza kwenye lita 200 ni kama 0.1 kwa siku, na filta iliyokomaa inaimeza hiyo bila kuhisi. Kipimo cha tangi lenyewe kinasoma 0. Kwenye tangi jipya lisilo na filta ya uhakika ningekinga matone hayo kwenye ndoo na kuyamwaga.

Jambo moja la vipimo, kwa sababu linapoteza watu wengi. Kipimo cha kawaida cha nitrati cha matone hakisomi nitrati moja kwa moja. Dawa yake huigeuza kwanza kuwa nitriti, halafu rangi inatokana na nitriti hiyo. Sampuli ikiwa tayari na nitriti, kipimo kinaihesabu nayo, na unasoma nitrati kubwa kuliko iliyopo. Kwa hiyo katika kipindi hiki namba ya nitrati ya maji yanayotoka haina maana, na mimi siiandiki. Naandika nitriti peke yake. Na ile chupa ya dawa yenye unga unaotuama chini, itikise kweli kweli kabla ya kudondosha. Ukiitikisa kwa adabu, utasoma nitrati ndogo na ufurahi bure.

Siki

Nitriti imegoma kushuka. Hiyo ni njaa: maji ya tangi hayana kaboni ya kuwatosha. Wapo wanaotumia pombe kali, wapo wa sukari. Nimechagua siki nyeupe ya asidi 5%, isiyo na rangi wala viungo, kwa sababu asidi yake bakteria wanaila bila kuivunjavunja kwanza, na hesabu yake ni nyepesi.

Kuvunja miligramu 1 ya nitrati kunahitaji karibu miligramu 0.6 za asidi ya siki. Oksijeni inayoingia na maji nayo inakula: miligramu 1 ya oksijeni inachukua kama 0.94. Kwa lita 4.3 zenye nitrati 50 na oksijeni kama 8, jumla inatoka miligramu 160 na kitu za asidi kwa siku, yaani siki mililita 3 na ziada kidogo. Bakteria wakizaliana wanahitaji zaidi ya hapo, lakini sianzii juu. Nimeanza na mililita 1, asubuhi nusu na jioni nusu, kwa bomba la sindano kupitia kile kijimpira. Baada ya siku kadhaa nikapanda kwa nusu mililita, nikasubiri tena.

Ilipofika mililita 3 nitriti ilianguka. Ilishuka kutoka 5 hadi chini ya 1 kwa siku chache, kisha ikapotea. Nitrati ya maji yanayotoka sasa inasomeka kwa haki: 3, wakati tangi lina 48.

Mapovu

Matone yanasimama usiku. Asubuhi nakuta chemba kavu, nikigonga mpira yanarudi. Nikiangalia karibu na tochi naona sababu: mpira wa kutokea una kibonde kabla ya kupanda ukingo wa tangi, na mapovu madogo ya naitrojeni yamejipanga humo kama shanga, kati ya kila povu na jingine kuna maji kidogo. Mstari wa namna hiyo kwenye mpira mwembamba unakataa kusukumwa. Nimekata mpira huo, nikaweka wa milimita 8 unaopanda bila kushuka popote hadi kwenye kigurudumu. Mapovu sasa yanapita. Ukikaa kimya unayasikia yakipasuka kwenye chemba.

Harufu ya yai viza

Kigurudumu cha dripu kimetengenezwa kwa kazi ya saa chache, si ya miezi. Plastiki iliyobanwa inalegea taratibu na kubadilisha umbo, na utando wa bakteria unaota mle mle kwenye mbano. Mwendo ulishuka wenyewe kutoka matone 60 kwa dakika hadi chini ya 20, siki ikiendelea kuingia kama kawaida. Chumba kikamaliza nitrati yote na chakula kikabaki.

Bakteria wenye chakula lakini wasio na oksijeni wala nitrati wanahamia kwenye salfeti, na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi. Pua inaijua kabla ya kipimo chochote. Ni sumu kwa samaki, kwa hiyo mpira wa kutokea ulihamia kwenye ndoo papo hapo, siki ikasimama, kigurudumu kikafunguliwa hadi matone mawili kwa sekunde. Maji yaliendelea kwenda ndooni mpaka harufu ikaisha kabisa na nitrati ikaanza kuonekana tena kwenye maji yanayotoka.

Tangu hapo sheria yangu ni moja: maji yanayotoka yasisome sifuri. Yakisoma kati ya 2 na 4 niko salama, maana nitrati kidogo ikibaki, wale wa salfeti hawapati nafasi. Yakisoma 0 nafungua mwendo kwanza, ndipo nafikiria mengine. Watu wengi hujisifia sifuri kwenye bomba la kutokea. Mimi naiona kama taa nyekundu.

Na kila asubuhi nahesabu matone kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kazi ya muda wa kumimina chai.

Kwa nini tangi halishuki haraka

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunifurahisha. Chombo kinafanya kazi, kinaingiza karibu 50 na kutoa 3, na bado nitrati ya tangi haishuki kama nilivyotarajia. Hesabu inaeleza yote.

Samaki wanazalisha 10 kwa wiki kwenye lita 200: miligramu 2,000 kwa wiki, karibu 286 kwa siku. Denitreta, kwa tone 1 kwa sekunde, inapitisha lita 4.3 na kuondoa chini kidogo ya 50 kwa kila lita. Ukiipa hisani ni 215. Haijafikia hata uzalishaji wa siku. Na nitrati ya tangi ikishuka, kila lita inayoingia inabeba kidogo zaidi, kwa hiyo chombo kile kile kinaondoa kidogo zaidi. Kusifu denitreta kwa usafi wa maji yanayotoka ni kujidanganya. Kinachohesabika ni tofauti ya kuingia na kutoka, mara lita.

Nikitaka tangi likae kwenye 20, lazima ipitishe zaidi ya lita 14 kwa siku. Hiyo ni mililita 10 kwa dakika, matone 200, na kwa mwendo huo matone yanakaribia kuwa uzi. Hesabu ya sekunde 15 haifai tena. Nakinga dakika moja kwenye kikombe cha vipimo.

Sikupanda kwa mkupuo. Matone 60, halafu 80, halafu 110, kila hatua nikisubiri nitriti ya kutokea irudi chini ya 0.5 ndipo niongeze. Kila ukiongeza mwendo nitriti inachungulia siku mbili tatu, kwa sababu maji yanakaa koili muda mfupi zaidi. Kwa mililita 10 kwa dakika ni kama dakika 19 tu, na oksijeni inaishia mbali zaidi ndani ya chumba.

Siki nayo inapanda, na inapanda kwa sababu ambayo sikuiwazia nilipoanza. Nitrati inayovunjwa kwa siku ni ile ile 286 au karibu yake, lakini maji yameongezeka mara tatu, na kila lita inakuja na oksijeni yake. Mwendo huu unadai kama mililita 5.6 za siki kwa karatasi, na zaidi ya theluthi yake inaunguzwa na oksijeni kabla nitrati haijaguswa. Sasa jaribu kupanga lengo la 5 badala ya 20: utahitaji lita 57 kwa siku, na oksijeni itakula siki mara mbili na zaidi ya ile inayokula nitrati. Utakuwa unamwaga chakula kuwalisha bakteria wa koili. Kwa matumbawe, ambayo hayapendi nitrati nyingi, huenda gharama hiyo ikawa na maana. Kwa mbuna haina. Lengo langu ni 20.

Umeme ukikatika

Hili lilitakiwa kufikiriwa kabla ya siki. Pampu ikisimama, maji ndani ya chumba yanasimama nayo, na kilichobaki cha chakula kinapelekea kule kule kwenye yai viza. Umeme ukirudi, pampu inasukuma maji hayo yote moja kwa moja kwa samaki. Kwa hiyo mpira wa kutokea una njia mbili na koki: moja tangini, moja ndooni. Kukatika kwa zaidi ya saa chache, lita 4 za kwanza zinakwenda ndooni, napo nanusa kabla ya kurudisha koki. Kitawi cha kuingilia kina valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ili chumba kisinyonywe kinyume.

Hali ya sasa

Siku ya kubadilisha maji tangi linasoma kati ya 20 na 25, na limekaa hapo. Mwendo ni mililita 10 kwa dakika, siki mililita 6 kwa siku kwa awamu mbili, maji ya kutokea 2 hadi 4, nitriti haionekani. Nitrati yenyewe haikuwa ikiwaua hawa samaki kwenye 50, kwa hiyo sitadai kwamba rangi zao zimerudi kwa muujiza. Mwani kwenye kioo cha mbele, huo kweli unachelewa kuota.

Kubadilisha maji hakujafutwa. Nimeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, kwa sababu denitreta haiondoi fosfeti wala rangi ya njano ya maji ya zamani, na haileti madini.

Kipande cha mpira kinachobanwa na kigurudumu nakisogeza sentimita chache kila mwezi ili mbano upate plastiki ambayo haijachoka. Kazi inayofuata ni kukitoa kigurudumu chenyewe na kuweka pampu ndogo ya kukamua mpira, ile ya kupimia dozi, upande wa kuingilia, ili mwendo usitegemee tena mbano. Itabidi nihakikishe kwanza kifuniko cha juu hakivuti hewa, maana shinikizo la filta halitakuwepo tena kunionyesha upenyo.